Mlango wa Chaki

Kitendawili. Semeni "tega," hata kama mko peke yenu kitandani na kitabu. Kavaa nguo mpya, macho kayafunika, watu wanampita wanamwamkia, na ndani yake hamna mtu.

Hamjui? Basi nipeni mji. Mkishindwa mnanipa mji, naingia, nakula, nakunywa, narudi na jibu. Haya, nimekwenda, nimerudi. Jibu ni nyumba tupu iliyotundikwa pazia. Na huo mji wenu msidhani nimeuacha huko nilikotoka. Nimeufunga hapa kwenye pindo la nguo, kuna mtu atauhitaji.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwisho kwenye safu ya nyumba za manispaa za kupangisha, zile zilizojengwa mbilimbili, kila mbili zikigawana ukuta mmoja kama mapacha waliopeana mgongo. Mzee mlinzi aliyekuwa akiishi humo alihamia kwa mwanawe, akarudisha ufunguo ofisini, na tangu hapo hakuja mtu mwingine. Nyasi zikaota barazani. Kioo kimoja kikapasuka, asitokee wa kusema ni yeye aliyekipasua. Ukisimama mlangoni ukakohoa, nyumba nayo inakukoholea.

Upande wa pili wa ukuta waliishi mama mjane na binti yake, wote washonaji. Mama macho yalikuwa yameanza kumwacha, kwa hiyo kazi yake ilibaki vifungo na kufumua mishono iliyokosewa. Cherehani ilikuwa ya binti. Kila asubuhi, kabla hajagusa kazi ya mteja, binti huyo alimtungia mama yake uzi kwenye sindano nyingi na kuzichomeka kwenye mto mdogo, nyeupe huku, nyeusi huku, ili mama asihangaike mchana. Watu walimwita Sindano tangu utotoni, kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia. Lakini mbele ya mama yake ulimi ule ulikuwa butu. Mama akisema, yeye huinamisha kichwa na kukanyaga cherehani.

Na mama alikuwa na neno lake moja, hakulificha kwa mtu. Binti yake mkubwa aliolewa mbali, na tangu alipoolewa kila safari ya kuja nyumbani huzukiwa na jambo: mtoto kaugua, mvua imekata barabara, bosi kakataa. Mama akaapa. "Huyu mdogo," alisema, "haolewi mbali zaidi ya sauti yangu. Nikimwita, aitike."

Fundi bomba wa manispaa aliletwa mtaani na maji. Mrija wa nyumba tupu ulikuwa umepasuka, maji yakapita chini ya ukuta na kulowesha kitambaa cha mteja kilichotandazwa sakafuni. Alipofika hatimaye na mfuko wake wa vifaa, Sindano alimwambia kama manispaa inafuga samaki ingewatangazia wapangaji mapema, wasitandaze vitu chini. Kijana yule alicheka mpaka akaweka spana chini. Alikuwa na mabega mapana na sauti ndogo, na kwenye mfuko wa shati alibeba koki moja ya shaba, kuukuu, kama wengine wanavyobeba kalamu. Ndiyo maana wenzake kazini walimwita Koki. Aliziba mrija, akaondoka. Kesho yake akarudi kukagua mrija ambao haukuhitaji kukaguliwa.

Basi ikawa hivyo. Akiingia nyumba tupu, Koki hugonga bomba kwa spana, ko, ko. Ng'ambo ya ukuta Sindano hukanyaga cherehani mara mbili bila kitambaa. Mama huuliza mashine ina nini. Sindano husema inataka mafuta.

Mapenzi yao yalikulia ukutani, kabla hayajafika barazani. Koki alikuwa mtu wa hadithi za ofisini, na hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya karani wa nyumba, ambaye mafundi walimwita Bwana Mapazia. Karani yule, alisema Koki, hakuwa mtu wa kuingia ndani. Kazi yake ilikuwa kukagua nyumba zipi zina wapangaji na zipi ziko wazi, naye aliifanya kutoka barabarani, chini ya mwavuli wake, akitazama madirisha. Dirisha lenye pazia, kuna mtu. Dirisha lisilo na pazia, nyumba iko wazi. Mtaa mzima anaumaliza na viatu havijachafuka. Siku moja Sindano alipozunguka humo nyumba tupu na kitambaa cha kushona mkononi, Koki alimwigiza karani anavyotembea shingo imenyooka kama bata, na Sindano akacheka mpaka uzi ukamkatikia.

Alipokwenda kwa mama kusema nia yake, Koki alimwamkia kwa adabu, akakaa ukingoni mwa kiti, na mama akamweleza lile neno lake la sauti. Kijana hakubisha. Alifikiri kidogo, kisha akatabasamu kama aliyeokota kitu njiani. Alisema ataiomba manispaa ile nyumba tupu. Yumo kwenye foleni ya wafanyakazi wanaosubiri nyumba, zamu yake iko karibu, na hakuna mwingine anayeitaka nyumba ya mwisho yenye kioo kilichopasuka. Binti ataolewa, na hatavuka hata barabara.

Siku ile mama alilia kwa furaha. Sindano alimpa leso, akamtazama Koki, Koki akamtazama yeye. Macho ya kijana yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto aliyefaulu mtihani. Sindano angesema nini?

Jioni yake mama alichukua chaki ya kushonea, ile bapa ya buluu, akaenda ukutani akipapasa, akachora mlango. Akachora vizingiti viwili, akachora na kitasa. Ofisi ikikubali, alisema, watautoboa hapa, ili mvua ikinyesha mtu asilowe, na usiku akisikia mjukuu analia asihangaike na kufuli. Akawaeleza majirani. Tangu siku hiyo nyumba tupu haikuitwa tena nyumba tupu kinywani mwake. Aliita "kwako." Kwako kuna paka kaingia. Kwako nyasi zimezidi, nenda kafyeke.

Sindano alilala akiutazama mlango ule wa buluu, na aliona kama anaonyeshwa maisha yake yote kwa urefu wake: kutoka chumba hiki kuingia chumba kile, na kurudi.

Kabla hawajazima taa, walitegana vitendawili, kama walivyozoea. Mama alikuwa na sifa moja katika mchezo ule: hakuwahi kumpa binti yake mji. Akishindwa hasemi kashindwa. Husema "ngoja, nafikiri," na kitendawili hukaa siku kadhaa mpaka akitegue. Jioni ile Sindano alimtegea hivi: "Nimfungie koponi, aote kutu. Nimwache apite ng'ambo, arudi na uzi."

Mama alikuwa amekaa na mto wa sindano mapajani. Alichomoa sindano moja, akaishika mkononi.

"Ngoja," alisema. "Nafikiri."

Hakukitegua kesho yake, wala kesho kutwa, wala baadaye. Na wiki hiyohiyo, dirisha la nyumba tupu likavaa pazia.

Lilikuwa pazia zuri, zambarau na maua madogo meupe, na kitambaa chake mama alikitambua hata kwa macho yale, maana alikiweka sandukuni mwenyewe kwa ajili ya chumba cha bi harusi. Alifurahi kupita kiasi. Aliwaambia majirani binti yake ameshaanza kupamba. Alipoulizwa na jirani wa mbele mbona mapema, Sindano alijibu kwamba nyumba ikionekana ina watu, wahuni hawatavunja kioo cha pili. Jirani akasema hiyo ndiyo akili. Ufunguo mmoja walikuwa nao wao, Koki aliwaachia kwa ajili ya mrija ukipasuka tena, kwa hiyo hakuna aliyestaajabu.

Bwana Mapazia akapita na mwavuli wake.

*

Siku ambayo mambo yaliharibika, jua lilikuwa limeanza kulegea. Sindano alikuwa kwenye pindo la suruali aliposikia bomba likigongwa ng'ambo. Ko. Alingoja la pili. Halikuja.

"Kuna mtu kwako," mama alisema, bila kuinua kichwa kwenye vifungo vyake.

Sindano alijibu kwamba ni Koki, huenda amekuja na habari za nyumba. Akatoka, akazunguka, akauona mlango uko wazi nusu. Koki alikuwa amesimama dirishani, mfuko wa vifaa miguuni, ameshika ncha ya pazia kwa vidole viwili. Hakugeuka.

"Hili pindo umelishona kwa mkono," alisema. "Mashine ilikuwa na nini?"

"Mashine ina kelele."

"Kwa hiyo hukutaka mtu asikie."

Sindano alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. Alimkaribia, akaona shingo ya kijana imekakamaa kama ya mtu aliyekesha. Kila siku wakikutana hapa, mkono wa Koki hutafuta mkono wake hata kabla ya salamu. Leo ulibaki kwenye pazia.

Akamweleza, taratibu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Zamu yake ilikuwa imefika. Aliitwa ofisini akaenda na shati safi, akidhani anakwenda kupewa nyumba. Akaambiwa nyumba ile ina mtu. Akasema haina. Bwana Mapazia akaapa ina mtu, ameona pazia kwa macho yake, tena la gharama. Wakatazamana. Mpangaji hayupo kwenye vitabu, na ufunguo uko kwa nani? Kwa fundi bomba. Basi fundi bomba amejikaribisha mwenyewe kabla ya kukaribishwa. Wamemwondoa kwenye foleni ya nyumba. Wamempa uhamisho, aende kwenye mitambo ya maji ya mji mwingine, mbali, kule ambako mafundi hawataki kupelekwa. Anaondoka kabla ya wiki kuisha. Leo ametumwa kufunga maji humu na kurudisha ufunguo.

"Wananitazama mikononi, Sindano," alisema. "Watu niliochimba nao mitaro. Mmoja ameniuliza nyumba nyingine ninazolala ni zipi."

Hili Sindano hakuliwaza. Alipokuwa akishona pindo lile kwa mkono, karibu gizani, alijua nyumba itaandikwa ina mtu na Koki ataambiwa angoje. Hakuwaza kwamba watauliza mtu huyo ni nani.

Koki aligeuka sasa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa na tumaini bado, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ni wewe uliyelitundika?"

"Ni mimi."

Kijana alishusha pumzi ndefu, hata mabega yakashuka. Akasema alijua tu, alijua lazima iwe hivyo, ni kwa sababu ya wahuni wa vioo, jirani wa mbele kamweleza. Basi limekwisha. Kesho asubuhi waende ofisini wote wawili, yeye Sindano aseme pazia ni lake, na kwa nini alilitundika. Jina litasafishwa, uhamisho utafutwa, nyumba itakuwa yao. Alikuwa amekwisha kumshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilinuka shaba na sabuni, na Sindano alitamani dunia ishikwe hivyohivyo, isiendelee.

"Tutaenda?" Koki aliuliza.

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa kimya. Kwa kawaida mama akishona vifungo huimba puani.

"Nitakwenda," Sindano alisema. "Nitasema ni langu, nitawaapia, nitamwambia na huyo karani usoni. Jina lako litatakata. Ila nyumba hii, Koki, usiichukue."

"Nisiichukue kwa nini?"

Sindano akatazama pazia, Koki naye akageuza uso akalitazama. Na pale ndipo Sindano alipomwona akikumbuka. Alimwona waziwazi, kama unavyomwona mtu aliyesahau kitu sokoni akisimama ghafla katikati ya njia. Mikono yake ikalegea, ikaiachia ya Sindano.

"Nilikuhadithia mwenyewe," Koki alisema polepole. "Bwana Mapazia. Tulicheka wote, hapa hapa. Ulikatikiwa na uzi."

"Nakumbuka."

"Kwa hiyo ulijua akipita ataandika nini."

"Nilijua."

"Pazia hili halikuwa la wahuni."

"Halikuwa la wahuni."

Koki aliligusa pazia tena. "Lilikuwa langu mimi."

Sindano aliinamisha kichwa, kama anavyoinamisha mbele ya mama yake, kisha akajikaza akakiinua, kwa sababu huyu hakustahili kuongea na utosi. Machozi yalikuwa yamemfika kwenye kidevu. Akamwambia habari ya mlango wa chaki, maana Koki hakuwahi kuuona; alikuwa mtu wa barazani, chumba cha ndani hakukiingia. Akamweleza vizingiti na kitasa. Akamweleza kwamba kila akiamka, macho yake yanafungukia mlango ule, na kwamba hata wakioana, hata wakinuniana, hata wakicheka usiku, kutakuwa na sikio limelala upande wa pili. Kwamba anampenda mama yake kiasi kwamba hawezi kumkatalia jambo, na kwa hiyo akikaa karibu naye hatakuwa na jambo lake mwenyewe hadi kufa.

"Niliiomba nyumba hii kwa ajili yako," Koki alisema.

"Uliiomba kwa ajili ya mama. Ulimheshimu, nami nilikupenda zaidi kwa hilo. Lakini mimi hukuniuliza."

"Ungesema."

"Ulikuwa umefurahi. Mama naye alikuwa amefurahi. Furaha ya watu wawili ilinikalia kichwani, Koki, sikuona pa kuishusha."

"Kwa hiyo ukaishusha kwangu."

Neno lile lilimchoma, na lilikuwa haki yake kulisema. Sindano hakujitetea. Alimwomba radhi kwa sauti ndogo, akamwambia angejua kwamba watamtia doa angekula pazia lile zimazima. Koki hakucheka. Alikwenda kwenye kona ya jiko, akapiga magoti, akafunga koki kuu ya maji kwa spana, akaikaza kuliko inavyohitaji kukazwa. Mahali fulani ndani ya ukuta bomba liliguna, kisha likanyamaza. Akafuta mikono kwenye suruali. Akaunyosha mkono kwa ajili ya ufunguo wa pili, Sindano akampa, vidole vyao vikagusana na kila mmoja akauondoa mkono wake kana kwamba umeungua.

Alipofika mlangoni alisimama, mgongo kwake.

"Haya, nakuuliza sasa," alisema. "Nimechelewa, lakini nakuuliza. Unataka nini?"

Sindano alitazama ukuta.

"Usitazame huko. Mimi niko hapa."

"Atasikia."

"Basi asikie. Wewe unataka nini?"

Ulimi ukamganda. Ajabu, mtu aliyewatupia maneno wateja wakorofi mpaka wakaomba maji. Alimwona Koki akingoja, akamwona akichoka kungoja, akamwona akiinama kuchukua mfuko wa vifaa. Mkanda wa mfuko ukapanda begani. Mguu mmoja ukavuka kizingiti.

"Nataka kuondoka."

Hakulisema kwa nguvu. Lakini nyumba tupu haina pa kufichia sauti. Hamna godoro la kuimeza, hamna nguo ukutani. Neno lilikwenda likagonga kona zote nne.

"Nataka kuondoka na wewe," alisema, na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, yaliyobaki yakalifuata. "Nataka kukaa mahali ambapo mama akiniita sisikii. Halafu nimkumbuke. Halafu nifunge mzigo nije kumwona kwa miguu yangu, nimkute kaninunia, nimbembeleze. Sitaki kumpenda kwa kutoboa ukuta."

Koki alirudisha mguu ndani. Alimtazama kwa muda, mtazamo ambao Sindano hakuweza kuusoma, una hasira na una kitu kingine chini yake, kama maji yanayosikika kabla hayajaonekana.

"Hata nikiuacha uhamisho ubaki, huo mji wenyewe mimi sijauona," alisema mwishowe. "Wanasema maji yake yana chumvi."

"Nitazoea."

"Sijakusamehe."

"Sijakuambia umenisamehe."

"Nikileta wazee wangu nitakuwa nimenuna, nakueleza mapema usishangae. Nitakuoa nimenuna, na nitakukasirikia njia nzima."

Sindano aliyashika yale maneno mawili ya mwisho, akayageuza kama mtu anayekagua mshono kwa ndani. Njia nzima. Hakusema maisha. Na njia hiyo kumbe wako wawili.

"Lakini sikuibi," Koki aliongeza, na sasa sauti yake ndogo ilikuwa imekuwa nzito. "Nimeshaitwa mwizi wa nyumba, sitaitwa na mwizi wa binti. Wazee wangu hawabishi hodi kwenye mlango ambao mama yako kaufunga. Akikataa, napanda basi peke yangu, na hilo ndilo la mwisho."

Hawakuwa wamemaliza kutazamana waliposikia, ng'ambo, kiti kikiburutwa. Kisha ndoo. Kisha maji kumiminwa. Halafu ukaanza mlio ambao Koki hakuuelewa, ila Sindano aliuelewa mara moja. Lilikuwa tambara bichi likisugua ukuta. Lilisugua chini, likapanda juu, likavuka, likashuka upande wa pili, polepole, kwa mkono wa mtu asiyeona vizuri anachokifuta na hataki kibaki kipande. Lilichelewa mahali pamoja, usawa wa kiuno. Pale palikuwa na kitasa.

Tambara likanyamaza.

"Sindano," mama aliita kupitia ukutani.

"Abee, mama."

"Huyo kijana bado yupo?"

"Nipo, mama," Koki alisema, akavua kofia kana kwamba anaonekana. "Shikamoo."

"Marahaba. Si ungeingia ukanisalimu tangu mwanzo, kuliko kusimama kugombana na mwanangu kwenye nyumba isiyo na hata kiti." Akasikika akipenga kamasi. "Sindano, kile kitendawili chako bado kipo?"

"Kipo, mama."

"Kitege tena. Nimekizeekea."

Sindano alisogea mpaka kwenye ukuta, akaweka kiganja pale ambapo ng'ambo yake palikuwa pamechorwa mlango. Ukuta ulikuwa wa baridi. "Nimfungie koponi," alisema, sauti ikimvunjika, "aote kutu. Nimwache apite ng'ambo, arudi na uzi."

"Anarudi kweli?"

"Ndivyo nilivyotega, mama. Anarudi."

"Dada yako hakurudi."

"Mimi si dada."

"Najua wewe si yeye. Ningekuwa sijui nisingekuwa naongea na ukuta." Mama alivuta pumzi. "Jibu lake nalijua. Nililijua jioni ileile, nilikuwa nimelishika mkononi. Mtu mzima, mshonaji tangu ujana, nishindwe na hicho?"

"Mbona hukujibu?"

"Ningejibu ingebidi nilisikie."

Koki alikuwa amekaribia bila kujijua, amesimama nyuma ya Sindano, na pumzi yake ilikuwa ikimfikia shingoni. Hakumgusa. Lakini mfuko wa vifaa ulikuwa umeshuka sakafuni.

"Nani atakutungia uzi?" Sindano aliuliza. Lilikuwa ndilo swali lake la siku zote, alilokuwa akilifumua na kulishona upya kila usiku, na sasa lilitoka likiwa limelowa.

"Shusha hilo pazia," mama alisema. "Ukiisha kumsafisha mwenzako huko ofisini, waambie nyumba iko wazi waipangishe. Imekaa tupu vya kutosha. Atakuja mtu na watoto wake, na watoto wana macho. Watanitungia uzi, nami nitawatega vitendawili mpaka wanikimbie." Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kitu kingine katikati. "Hicho kitambaa kikunje vizuri, usikikunje kama kaptula. Ni cha chumba cha bi harusi. Sikusema cha nyumba ipi."

Sindano alilia sasa bila kujificha, paji la uso ukutani. Mkono wa Koki ukaja, ukakaa begani mwake, mzito, wenye harufu ya shaba, bado una hasira.

"Mama," alisema, "hujajibu kitendawili."

"Nikikijibu nimeshinda mimi. Na nikishinda, desturi unaijua, sikupi kitu."

"Basi unasemaje?"

Nje, mtu alipita barabarani akaiamkia nyumba tupu, akaenda zake. Kisha sauti ya mama ikaja, karibu sana, kana kwamba shavu lake liko hapohapo kwenye rangi iliyolowa.

"Nimeshindwa, mwanangu. Chukua mji. Chukua huo anaokwenda fundi wako."